Mbegu na Yai Havijitoshelezi: Jinsi Vijidudu Vinavyoshiriki Kuujenga Mwili

Matangazo ya aina mbili yanapishana kila siku kwenye simu zetu. La kwanza linauza sabuni na dawa za usafi, na linasema kila kijidudu ni adui wa kuuawa. La pili linauza vidonge na unga wa "bakteria wazuri" na kuahidi kuondoa gesi, kitambi, chunusi, hata ugumba. Mtu mmoja anaweza kuyaamini yote mawili kwa wakati mmoja, na si ajabu, kwa sababu yana mzizi mmoja. Yote yanachukulia kwamba mwili ni kitu kilichokwisha kukamilika, na vijidudu ni wageni wanaobisha hodi baadaye, ama kuharibu ama kutengeneza.

Watafiti wa mimea na wanyama wamegundua jambo zito zaidi ya hilo. Kwa viumbe wengi sana, vijidudu hushiriki kuujenga mwili wenyewe. Wapo wanyama ambao kiungo fulani hakikamiliki mpaka bakteria fulani afike, na ipo mimea ambayo mbegu yake haioti kabisa bila kuvu. Hili likieleweka, matangazo yote mawili hupungua nguvu, na mambo mengi ya shambani, zizini na kliniki huanza kuonekana kwa sura nyingine.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno matatu. Vijidudu ni viumbe hai wadogo ambao huwezi kuwaona bila hadubini: bakteria, kuvu wa aina nyingi, na wengine. Wanaosababisha magonjwa ni sehemu ndogo tu yao. Ubia, kwa maana ninayoitumia hapa, ni hali ya viumbe wa aina mbili tofauti kuishi kwa ukaribu kwa muda mrefu, mara nyingi mmoja akiwa ndani ya mwili wa mwingine. Ubia si lazima uwe wa upendo. Unaweza kuwafaidi wote wawili, unaweza kumfaidi mmoja, na unaweza kugeuka hali ikibadilika. Kuumbika ni tofauti na kuongezeka ukubwa tu: ni ile safari ya seli moja kugawanyika mpaka nyingine ziwe mzizi, nyingine utumbo, nyingine mshipa wa damu, kila moja mahali pake na kwa wakati wake.

Fikiria nyumba inayojengwa mtaani. Fundi mwashi ana ramani na matofali, anapandisha ukuta. Kabla ya kupiga lipu anasimama, kwa sababu fundi umeme hajapitisha mabomba ya waya. Ramani inamtambua fundi umeme ingawa si mtu wa mwashi: nafasi za swichi zimeachwa, njia zimechorwa. Asipofika, ukuta utapigwa lipu hivyo hivyo, na kumleta baadaye ni kubomoa. Jeni za mmea au mnyama ni ramani ya namna hiyo. Zimeacha nafasi kwa mbia wa nje, na zina wakati ambao mbia huyo anatarajiwa awe amefika.

Mzizi wa mharage unapoita

Hewa tunayovuta ni nitrojeni kwa asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Atomi zake mbili zimeshikana kwa nguvu mno. Viwanda vya mbolea huzitenganisha kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, ndiyo maana bei ya urea hufuata bei ya nishati. Bakteria wa kundi la rizobia wanaifanya kazi hiyo hiyo kwenye udongo wa kawaida, bila moto. Mwaka 1888 wanasayansi wa Kijerumani Hellriegel na Wilfarth walieleza kwamba mimea ya jamii ya kunde hupata nitrojeni ya hewani kupitia vinundu vya mizizi yake. Mwaka huo huo Mholanzi Martinus Beijerinck akawatenga bakteria waliomo ndani ya vinundu hivyo.

Wakulima wengi wanaviona vinundu hivyo wanapong'oa maharage au karanga, na wapo wanaodhani ni ugonjwa. Ugonjwa wa fundo za mizizi upo kweli, unaletwa na minyoo midogo ya udongoni, lakini fundo zake ni uvimbe wa mzizi wenyewe. Kinundu cha rizobia kimening'inia pembeni mwa mzizi na unaweza kukipukuchua kwa kidole.

Kinundu hiki ni kiungo cha mmea, kama lilivyo jani, ila hakijengwi mpaka mazungumzo yafanyike. Mzizi unaopungukiwa nitrojeni hutoa kemikali udongoni. Rizobia wanaofaa wakizihisi, hujibu kwa kutoa kemikali yao, ambayo muundo wake hutofautiana kati ya aina na aina. Mzizi ukiitambua, kijinywele chake hujikunja na kumkumbatia bakteria, kisha mmea unajenga mfereji mwembamba wa kumpitisha ndani. Wakati bakteria bado yuko njiani, seli za ndani ya mzizi, ambazo kwa kawaida zingekaa kimya, huanza kugawanyika upya na kuandaa chumba.

Kwenye alfalfa, mmea wa malisho wa jamii hii ya kunde, watafiti waliisafisha ile kemikali ya bakteria na kuiweka peke yake kwenye mizizi, bila bakteria hata mmoja. Mizizi ikaota vinundu vitupu. Maelekezo ya kujenga kinundu yalikuwa ndani ya mmea siku zote. Yalikosa tu ishara ya kuyaanzisha. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi namna hii kwamba jeni za kiumbe kimoja zinaweza kukaa zikingoja kauli ya kiumbe kingine.

Ukichukua kinundu chenye afya na kukikata kwa wembe, ndani utaona rangi ya waridi au nyekundu. Rangi hiyo inatokana na protini ambayo ni ndugu wa ile inayoipa damu yetu wekundu, na kazi yake ni kudhibiti oksijeni, kwa kuwa oksijeni nyingi huua kimeng'enya kinachovunja nitrojeni. Kinundu cheupe ndani bado hakijaanza kazi au kina bakteria wasiozalisha. Cha kijani au kijivu kimezeeka. Na mmea hauko tayari kulisha wavivu: kwenye soya imeonekana kwamba vinundu visivyotoa nitrojeni hupunguziwa oksijeni, na bakteria waliomo hawazaani vizuri.

Hapa ndipo penye mkanganyiko wa pakiti za bakteria zinazouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Si mbolea ya kila zao. Bakteria wa soya hawatakusaidia kwenye mahindi, kwa sababu mahindi hayana ramani ya kujenga kinundu. Soya, ambayo asili yake ni Asia ya Mashariki, mara nyingi hufaidika kuliko maharage, kwa kuwa udongo wetu mwingi hauna rizobia wanaoelewana nayo, ilhali maharage hukubali aina nyingi za wenyeji, ingawa baadhi yao ni wazalishaji hafifu. Bakteria hao ni hai: pakiti iliyoachwa juani au iliyopita tarehe ni unga tu. Na ukimwaga urea nyingi shambani, mmea hauna sababu ya kuita mtu, vinundu hupungua. Unachohitaji mmea huo mara nyingi ni fosforasi, kwa sababu kinundu hula nguvu nyingi.

Kuvu waliotangulia mizizi

Mazungumzo ya mharage na rizobia yana babu yake. Katika miamba ya Rhynie huko Scotland, yenye umri wa karibu miaka milioni 407, kuna visukuku vya mimea ya kale ambayo haikuwa na mizizi kamili kama ya leo, lakini ndani ya tishu zake kuvu wapo tayari. Kuvu hao husambaza nyuzi nyembamba udongoni, huleta fosforasi na maji, na hulipwa sukari na mafuta. Mimea mingi ya nchi kavu inaishi na ndugu zao hadi sasa, yakiwemo mahindi, migomba na mihogo. Jamii ya kunde ilipoanza ubia na rizobia baadaye sana, iliazima sehemu kubwa ya mfumo uleule wa ishara uliokuwa ukitumika kuwakaribisha kuvu.

Kwa okidi, jamii ya mimea ya maua, utegemezi huo umefika mwisho wa njia. Mbegu zake ni kama vumbi, maelfu kwa maelfu kwenye tunda moja, na hazina akiba ya chakula. Mwaka 1899 Mfaransa Noël Bernard aligundua kwamba haziwezi kuota porini mpaka kuvu anayefaa aingie ndani yake na kumlisha mche ule kabla haujapata jani la kujitegemea.

Jambo hili linatuhusu Tanzania moja kwa moja. Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, una okidi nyingi za ardhini, na viazi vyake vimekuwa vikichimbwa kwa miaka mingi na kupelekwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda. Mtu anaweza kuuliza kwa nini watu wasipande tu, kama wanavyopanda viazi mviringo. Jibu liko kwenye kuvu. Kupanda okidi hizo kunahitaji kumpata na kumtunza mbia wake pia, na anayechimba kiazi porini anaondoa mmea ambao kizazi chake kitarudi tu iwapo mbegu itaangukia penye kuvu sahihi.

Ngisi wa Hawaii

Upande wa wanyama, jaribio safi kuliko yote lilifanywa kwa ngisi mdogo wa Hawaii anayeitwa kisayansi Euprymna scolopes. Huyu huwinda usiku, na tumboni ana kiungo kinachotoa mwanga kuelekea chini, ili asionekane kama kivuli kwa adui aliye chini yake mbalamwezi ikiwaka. Mwanga huo si wake. Unatolewa na bakteria aitwaye Vibrio fischeri. Margaret McFall-Ngai na Edward Ruby wametumia miongo kadhaa kuuchunguza ubia huu, na uzuri wake kwa mtafiti ni kwamba una pande mbili tu: ngisi mmoja na aina moja ya bakteria.

Kitoto cha ngisi huanguliwa bila bakteria hao. Kiungo chake cha mwanga kina viambata vyenye vijinywele vinavyovuta maji ya bahari na ute unaonasa bakteria. Ndani ya saa chache, kati ya umati mkubwa wa bakteria walio majini, ni Vibrio fischeri peke yake anayebaki na kuingia ndani. Akishaingia, vile viambata vya kuvutia bakteria hufa na kuyeyuka kwa siku chache, kana kwamba mlango unafungwa. Ukimlea ngisi kwenye maji yasiyo na bakteria hao, viambata hubaki na kiungo hakikomai.

Kinachotoa ishara ni vipande vya ukuta wa seli ya bakteria. Mwaka 2004 ilithibitishwa kwamba kipande kimojawapo ni molekuli ileile inayoharibu koo za watoto wanaougua kifaduro. Bakteria wa kifaduro akiimwaga kwenye njia ya hewa ya mtoto, seli zenye vijinywele hufa na kikohozi hakikomi. Kwa ngisi, molekuli hiyo hiyo huua seli zenye vijinywele pia, lakini hapo kifo chao ni hatua ya kawaida ya kukua. Kwa hiyo mtu anapouliza kama bakteria fulani ni "mzuri" au "mbaya", swali lenyewe halijakamilika. Inabidi ajue yuko wapi, ndani ya nani, na wakati gani.

Jambo la wakati nalo lilijitokeza kwa ngisi. Bakteria wakikaa kwa takriban saa 12 kisha wakaondolewa kwa antibayotiki, mabadiliko ya viambata huendelea hadi mwisho. Kiungo kilihitaji kuanzishwa, hakikuhitaji kusukumwa kila siku.

Zizini

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaishi na mfano mwingine bila kuuita sayansi. Ndama anazaliwa na matumbo manne, lakini lile la kwanza, rumeni, ni dogo na kuta zake ni laini. Maziwa anayonyonya hayapiti humo. Kuna mfereji unaojikunja na kuyapeleka moja kwa moja kwenye tumbo la nne. Bakteria huingia kwenye rumeni kutoka kwa mama anayemlamba, majani, maji na uchafu wa zizi. Ndama anapoanza kutafuna chakula kikavu, vijidudu hao hukichachusha na kutoa asidi za mafuta, na mojawapo, butireti, ndiyo inayochochea kuta za rumeni ziote vile vijinyama vidogo vilivyosimama, ambavyo kila aliyewahi kuosha utumbo wa ng'ombe jikoni anavifahamu. Ni kupitia vijinyama hivyo kwamba ng'ombe mzima hupata sehemu kubwa ya nguvu anayotumia.

Ndama aliyelishwa maziwa peke yake kwa wiki nyingi anaweza kunenepa na kung'aa, lakini ndani rumeni yake imebaki ya kitoto. Akiachishwa ghafla, hudumaa au huharisha, na lawama hutupwa kwa mbegu ya dume au kwa hali ya hewa. Ndiyo maana maofisa mifugo wanasisitiza chakula laini kikavu na maji safi tangu wiki za mwanzo, wakati ndama bado ananyonya.

Mtoto wa binadamu

Hapa ndipo maswali ni mengi na matangazo ni makali zaidi, kwa hiyo tuende taratibu.

Maziwa ya mama yana aina zaidi ya 150 za sukari changamani ambazo mtoto hawezi kuzimeng'enya. Kwa wingi ni kitu cha tatu kati ya yabisi za maziwa, baada ya laktosi na mafuta. Mama anatumia nguvu za mwili wake kutengeneza chakula ambacho mtoto hali. Wanaokula ni bakteria, hasa kundi la Bifidobacterium, na bingwa wao anaitwa infantis. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulikuta bakteria huyo kwa wingi kwenye watoto wachanga wa Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, ilhali kwa watoto wa nchi za viwanda amekuwa adimu. Kunyonyesha, basi, ni kulisha wawili.

Ushahidi wa kwamba vijidudu huunda viungo vyetu vya ndani unatoka zaidi kwa panya wanaolelewa bila kijidudu chochote. Panya hao wanaishi, lakini miili yao ni ya ajabu: sehemu ya utumbo iitwayo sikamu huvimba mara kadhaa, tishu za kinga za utumbo hubaki changa, na mtandao wa vijishipa vya damu kwenye ukuta wa utumbo husimama katikati ya ujenzi. Wakipewa bakteria, hata wakiwa wamekua, vijishipa huendelea na kukamilika ndani ya siku 10. Lakini si kila kitu kinasubiri hivyo. Jaribio jingine, la mwaka 2012, lilionyesha kwamba aina fulani ya seli za kinga hurundikana kupita kiasi kwenye utumbo na mapafu ya panya hao na kuwafanya wawe rahisi zaidi kupata uvimbe wa utumbo na pumu. Waliopewa bakteria siku za utotoni waliepuka tatizo hilo. Waliopewa ukubwani hawakuliepuka. Sehemu nyingine za mwili hupigwa lipu mapema.

Binadamu si panya, na hatuwezi kulea mtoto bila vijidudu ili tuone. Tulicho nacho ni uchunguzi kama ule wa Malawi, ulioripotiwa mwaka 2013. Watafiti walifuatilia jozi 317 za mapacha, na wakakuta jozi ambazo pacha mmoja alipata kwashakoo na mwingine hakupata, ingawa walikula nyumba moja. Vijidudu vya kinyesi vya mapacha hao vilipowekwa kwenye panya, wakalishwa chakula cha Kimalawi, panya waliopokea vijidudu vya mtoto mgonjwa walipungua uzito vibaya zaidi. Chakula peke yake hakikutosha kueleza ugonjwa, wala vijidudu peke yake. Vilipokutana ndipo madhara yalipokuja.

Kazi hiyo iliendelea Bangladesh, ambako Jeffrey Gordon na Tahmeed Ahmed na wenzao walitengeneza chakula cha nyongeza cha dengu, soya, karanga na ndizi, kilichochaguliwa kwa jinsi kinavyokomaza vijidudu vya utumbo wa mtoto. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, watoto waliokila waliongezeka uzito haraka kuliko waliokula chakula cha nyongeza cha kawaida, ingawa chakula hicho kipya kilikuwa na nguvu pungufu. Kwangu mimi hii ni habari kubwa kuliko kidonge chochote kinachotangazwa, na imetokana na vyakula vinavyopatikana sokoni.

Sasa yale yanayosemwa vibaya. Inarudiwa sana kwamba tuna bakteria mara kumi ya seli zetu. Hesabu hiyo ya zamani ilirekebishwa mwaka 2016: kwa mtu mzima ni takriban bakteria trilioni 38 kwa seli trilioni 30, karibu sawa kwa sawa, na uzito wao wote ni kama gramu 200. Inasemwa pia kwamba mtoto hupata bakteria wake ndani ya kondo la nyuma. Uchunguzi mkubwa wa Cambridge wa mwaka 2019, uliohusisha wanawake zaidi ya 500, haukukuta jamii ya bakteria humo. Dalili nyingi zilizokuwa zikiripotiwa zilitokana na uchafuzi wa vifaa vya maabara. Ubia mkuu huanza wakati wa kuzaliwa na baada yake.

Kuhusu upasuaji, ni kweli watoto waliozaliwa kwa njia hiyo huwa na vijidudu tofauti katika miezi ya mwanzo, na tofauti hiyo hupungua kadiri wanavyonyonya, kula na kucheza na wenzao. Mama aliyejifungua kwa kisu hajamnyima mwanawe kitu. Kisu kiliokoa maisha. Kumpaka mtoto majimaji ya ukeni, kama wengine wanavyoshauriana mtandaoni, hakushauriwi nje ya utafiti, kwa kuwa kunaweza kumwambukiza. Antibayotiki nazo ni za kutumiwa daktari akiandika, kwa dozi kamili, na si za kununua dukani kwa kila mafua. Mtoto mwenye nimonia anazihitaji leo.

Na vidonge vya bakteria? Vingi hupita tumboni bila kuweka makazi. Mtindi na maziwa mgando ni chakula kizuri, lakini bakteria wake nao ni wapita njia. Yapo matumizi ya hospitalini yenye ushahidi fulani, kama kwa baadhi ya watoto njiti chini ya uangalizi wa karibu, na hata hapo kuna hatari ya bakteria kuingia kwenye damu. Dawa za "kusafisha utumbo" hazina hata hicho cha kujitetea. Nani atasafisha chumba wanamofanyia kazi mafundi wake?

Ubia wa adui zetu

Wadudu wanaotusumbua nao wana wabia, na wengine hawawezi kuumbika bila wao. Mwaka 2014 ilionekana kwamba viluwiluwi vya mbu, wakiwemo wa malaria na wa dengue, vikilelewa bila bakteria hai havivuki hatua ya kwanza ya ukuaji, hata chakula chao cha kawaida kikiwepo.

Mbung'o ni mfano wenye kina zaidi. Tofauti na inzi wengi, jike hatagi mayai. Hubeba buu mmoja kwa wakati tumboni na kumlisha kwa maziwa. Anakula damu tu, na damu ina uhaba wa vitamini B. Pengo hilo linazibwa na bakteria aitwaye Wigglesworthia, ambaye mama humrithisha mtoto kupitia maziwa hayo. Serap Aksoy wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walipowalea mbung'o bila bakteria huyu, walikua wakiwa tasa na wenye kinga mbovu, kiasi cha kufa kwa bakteria wa kawaida ambao mbung'o mwingine asingewajali. Lakini mbung'o aliyemkosa Wigglesworthia akiwa tayari mtu mzima alibaki na kinga yake. Kinga ilikuwa imejengwa wakati wa ubuu. Utando unaolinda utumbo nao hutegemea ubia huu, na ukiwa dhaifu, vimelea vya malale na vya nagana, ugonjwa wa mifugo, hupenya kwa urahisi.

Kwa wagonjwa wa matende na mabusha katika pwani yetu, elimu hii tayari imezaa tiba. Minyoo wa matende wanaishi na bakteria wa ndani aitwaye Wolbachia, na bila yeye mayai yao hayaumbiki kuwa vijana. Antibayotiki iitwayo doksisaiklini haimgusi mnyoo wenyewe. Inamuua Wolbachia, na mnyoo hugeuka tasa kisha hufa polepole. Usubi, ule ugonjwa unaopofusha, nao una mlango huo huo. Dosari yake ni kwamba dawa humezwa kwa wiki kadhaa, na haifai kwa wajawazito wala watoto wadogo, ndiyo maana kampeni za umezaji dawa kwa jamii nzima zinaendelea kutumia ivamektini na albendazo.

Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu nchini Kenya, wanafuata njia tofauti: badala ya kuvunja ubia, wanaongeza mbia. Mwaka 2020 waliripoti kijidudu wa jamii ya kuvu, Microsporidia MB, anayeishi ndani ya mbu aina ya Anopheles arabiensis bila kumdhuru waziwazi, huku akimzuia asipokee vimelea vya malaria. Mbu jike humrithisha watoto wake, na dume humpitisha kwa jike wakati wa kujamiiana. Kazi iliyobaki ni kumweneza kwa mbu wengi wa porini kiasi cha kupunguza malaria vijijini.